Aache Kazi Amuuguze?

Suala lenyewe ni hili. Mume ni fundi wa majokofu, kajiajiri, miaka hamsini na ushee. Presha aliijua siku nyingi, ila vidonge alikuwa akivimeza akijisikia vibaya tu. Alfajiri moja akaanguka uani. Mshipa wa damu uliziba upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo kilichopooza ni upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yakakatika. Akalazwa, akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani, na familia ikapewa mfuko wa dawa na maelezo ya dakika chache mlangoni mwa wodi: mgeuzeni, mlisheni vizuri, mleteni mazoezi. Mke ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Likizo yake ya mwaka, siku 28, yote imeishia hospitalini. Sasa ndugu wamekaa kikao: aache kazi amuuguze mume, au asiache?

Msiitafute nyumba hii Tabata wala Mbagala. Nimeiunga mimi kutokana na nyumba nyingi, na waliomo nawaita kwa nafasi zao. Takwimu na sheria ndizo ambazo sikuzitunga.

WIFI (dada mkubwa wa mgonjwa): Nianze mimi, maana huyu nimembeba mgongoni. Wifi yangu, hapa hakuna anayekusema vibaya. Ila mgonjwa wa namna hii haachiwi dada wa kazi. Juzi nimeingia saa sita mchana nikamkuta amelala vilevile alivyoachwa asubuhi, uji umemkaukia kidevuni, binti yuko na simu yake. Kazi utapata nyingine. Mume utampata wapi? Raha mlikula wawili, na shida ni ya wawili.

MKE: Dada, la uji nimelisikia na binti nimeshasema naye. Lakini hebu nisaidie hesabu. Bima iliyolipia wodi na inayolipia mazoezi inakatwa kwenye mshahara wangu. Kodi ya nyumba ni mshahara wangu. Karakana ya kaka yako imefungwa tangu alipoanguka. Na pampasi za mtu mzima, dada, umewahi kuulizia bei yake?

SHEMEJI (mdogo wa mgonjwa): Ya hela tuyaweke kando kwanza, kuna jambo linanitatiza. Ijumaa nilikaa naye, nikaanza kusoma Fatiha, akaipokea. Akaisoma yote mpaka amina, hakukosea herufi. Nikamwuliza, kaka unataka maji? "Haya." Unataka kulala? "Haya." Mimi ni nani? "Haya." Mtu anayemaliza Fatiha nzima anashindwaje kusema maji? Hiki si kitu cha hospitali. Tumpeleke kijijini, yupo mzee wa kumtazama.

Nimkatize shemeji kidogo. Rai yake ina wafuasi wengi Dar es Salaam. Watafiti waliolinganisha jiji hili na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walichapisha mwaka 2008 kwamba ni mjini, si shamba, ambako watu wengi walisema kiharusi ni mashetani au ulozi. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Utafiti mwingine uliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi sehemu hizohizo mbili kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya umri kusawazishwa, kama watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka Dar, na 109 Hai. Palipo na ugonjwa zaidi ndipo mashetani yanapotajwa zaidi. Sioni cha kuchekesha hapo. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima kwa dakika moja, mara nyingi bila maumivu, na kuondoka na sauti yake, unafanana sana na kupigwa na kitu.

MTU WA MAZOEZI (ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini nyumba nzima inamwita dokta): Shemeji, ulichokiona Ijumaa umekiona kweli. Maneno tunayoyatunga papo hapo na maneno tuliyoyakariri tangu utoto hayapiti njia moja kichwani. Ubongo wa kushoto ukiumia mtu anaweza asiweze kuomba maji, akabakiwa na sala, na kuhesabu moja hadi kumi, na siku za wiki, na nyimbo, na hata matusi. Mwaka 1861 kule Paris, daktari Paul Broca alimpima mgonjwa ambaye neno lake lilikuwa "tan" tu, miaka na miaka. Alipokufa, ubongo ulipotazamwa, jeraha lilikuwa kushoto, sehemu ya mbele. Kaka yako amebaki na "haya". Lakini sehemu kubwa ya mnayosema anaielewa, pamoja na haya mnayoyasema sasa. Msimfanyie mtihani. Mwonyesheni kikombe, mwonyesheni mto, mngojeni aelekeze kidole, na msimjibie. Kijijini mkitaka mwende, dua haimdhuru mtu. Vidonge vya presha ndivyo visibaki mjini. Marekani, ambako wanahesabu, karibu kiharusi kimoja katika kila vinne humpata mtu aliyekwisha kupata kingine.

WIFI: Na kulia je? Kila nikiingia mlangoni analia. Mtu mzima halii bure, dokta.

MKE: Sema tu, dada. Unadhani namtesa.

WIFI: Sijasema.

DOKTA: Juzi alicheka mpaka machozi nilipomweleza habari za msiba. Kiharusi kinaweza kukata breki ya hisia: kilio au kicheko kinatoka bila kulingana na kilichomo moyoni, halafu kinakatika ghafla. Mkimzunguka kumbembeleza kinazidi. Badilisheni mazungumzo tu. Nisiwadanganye lakini, huzuni ya kweli nayo ipo. Karibu theluthi ya waliopata kiharusi hupata sonona, na ina dawa yake. Akikataa chakula, akigeukia ukutani, akisusa mazoezi aliyokuwa akiyaweza, daktari aambiwe. Kulia mbele ya wageni peke yake si dalili.

MZEE JIRANI: Na mimi niseme, maana mmeniita niwe shahidi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alipooza hivihivi nikiwa dereva wa teksi. Hakuna kikao kilichokaa kuniuliza kama nitaacha teksi. Kikao kilichokaa, cha ndugu zangu wa tumbo moja, kiliniuliza nitaoa lini mwingine wa kunisaidia. Wengine wakasema mwanamke arudishwe kwao akauguzwe na mama yake. Leo ameanguka mume, na swali la kwanza mezani ni kazi ya mke. Mama, sikwambii una roho mbaya. Nasema hivi: humu ndani mimi naona mikono mingi, lakini inayozungumzwa ni miwili tu.

WIFI: Shikamoo yako naiheshimu, mzee wangu. Lakini wewe ulimuuguza mwenyewe?

MZEE JIRANI: Mchana dada zake, usiku mimi. Na tulikosea kwanza ndipo tukajua. Alipata kidonda cha kulalia hapa chini ya mgongo, kwenye mfupa, kidole kinaingia. Tuliambiwa tuangalie wekundu. Kwa ngozi yetu wekundu utauona wapi? Ilikuwa weusi uliozidi, pana joto, pagumu ukigusa, na sisi tukapaka mafuta. Tangu hapo tukawa tunamgeuza kila baada ya saa mbili, kwa shuka lililokunjwa chini ya kiuno, wawili, huku na huku. Visigino navyo tukaviinua kwa kanga.

DOKTA: Hapohapo kwenye kugeuza. Naona mnavyomwamsha: mmoja anashika mkono uliopooza, anavuta. Msirudie. Bega hilo halina tena misuli ya kulishikilia, mfupa unateremka tunduni, na maumivu yake yatamnyima mazoezi kwa miezi. Mshikeni mgongoni na kiunoni, aje mbele kwanza ndipo asimame. Akiketi, mkono ukae juu ya mto, usining'inie. Shati linaanza mkono mgonjwa kuvaa na linamaliza mkono mgonjwa kuvua. Kula, aketi wima kabisa, kijiko cha chai, mezea moja ndipo kije kingine. Maji matupu yanaweza kuwa hatari kuliko uji mzito, kwa sababu yanakimbia kabla koo halijajifunga. Akikohoa, au sauti ikawa na majimaji, simamisheni. Baada ya kula asilazwe kwa nusu saa. Uji wa kidevuni, dada, unafutwa kwa kitambaa. Unaoua ni ule ulioteleza kwenda mapafuni.

SHEMEJI: Basi si ndiyo hayo? Mfundishe shemeji yote, akae nyumbani, amfanyishe mazoezi kutwa mara tatu. Tunaokoa nauli ya bajaji na hela yako wewe, samahani dokta.

Msimdharau shemeji. Hoja hiyo inaivutia kila nchi yenye wagonjwa wengi na wataalamu wachache: familia ipo, haidai mshahara, ifundishwe. India waliijaribu kwa kipimo cha haki. Wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, juu ya huduma hiyo, jamaa mmoja wa kila mgonjwa alifundishwa kumlaza, kumhamisha na kumfanyisha mazoezi ya shughuli za kila siku, akaendelea nayo nyumbani. Baada ya miezi 6 waliokuwa wamekufa au wamebaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kundi hili, na asilimia 47 kundi lile. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2017. Uingereza ilikwisha kuonja hali kama hiyo. Mwaka 2004 mafunzo, katika jaribio la wauguzaji wa nyumbani 300 London, yalionekana kupunguza gharama na kuwapunguzia wauguzaji wasiwasi, watu wakafurahi. Yaliporudiwa katika wodi 36 za kiharusi, matokeo yakatoka 2013, hakuna tofauti iliyoonekana.

MKE: Kwa hiyo mikono yangu haina kazi?

DOKTA: Ina kazi kubwa. Makundi yote mawili ya India yalikuwa na ndugu waliouguza, wakalisha, wakageuza. Bila hao wangapi wangekufa, sijui mtu aliyejaribu kupima, na asijaribu. Kilichokataa ni kumfanya ndugu awe mimi kwa mafunzo ya muda mfupi. Kinachojulikana kupunguza vifo na utegemezi ni wodi maalumu ya kiharusi yenye timu nzima: daktari, muuguzi, mtu wa mazoezi, mtu wa tiba kwa vitendo, mtaalamu wa matamshi. Watu wa mazoezi na wa tiba kwa vitendo tunafundishwa hapahapa nchini, KCMC kule Moshi. Wa matamshi mtamtafuta kwa tochi. Kwa hiyo nauli ya bajaji msiifute, shemeji. Ndiyo matumizi ya mwisho kufutwa.

WIFI: Wahindi, Waingereza. Takwimu hazimgeuzi mtu ubavu saa nane usiku.

MKE: Saa nane usiku ninayemgeuza ni mimi, dada.

Wifi alinyamaza, na mke ndiyo kwanza akapata nafasi.

MKE: Nikiacha kazi sitapumzika, maana ndivyo mnavyodhani. Nitakuwa namfanyia kutwa yale ninayomfanyia usiku. Nimemwogesha, nimembadilisha, nimemlisha, nimesugua meno. Jioni nikikaa pembeni yake sijui nizungumze naye nini, kwa sababu tangu asubuhi nimekuwa nikimwamrisha: fungua mdomo, inua mguu, meza. Yeye naye ananitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu mkali. Na mambo ya chumbani hakuna mtu hospitali aliyegusia, si kwa heri si kwa shari. Nikiwa ofisini saa nane zile, nikirudi nina habari ya kumpa. Kontena la nani limekwama, nani kafukuzwa. Anasikiliza. Anasema "haya" ya kuniambia endelea. Hiyo ndiyo saa moja kwa siku ambayo mimi ni mke wake.

DOKTA: Hilo la chumbani mlipaswa kuambiwa. Presha ikishatulia, kwa wengi halina hatari. Muulizeni daktari bila haya, wote wawili.

Wazee wetu wangesema ndoa imemaliza swali hili zamani. Nimekwenda kutazama ndoa ya kisheria inasemaje. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mke, na inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili. Utunzaji inaoutaja ni makazi, mavazi na chakula. Kwa sheria hiyo, mke wa nyumba hii anatimiza wajibu wake akiwa kazini. Akiacha kazi ndipo atakaposhindwa kuutimiza. Nani atamgeuza mgonjwa ubavu, sheria haikuingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilipotungwa, ilimpa mwajiriwa siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto akiugua au kufariki, na vilevile mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu akifariki. Mwenzi akiugua hakutajwa. Mume akizikwa una ruhusa. Akipooza, tumia likizo yako. Na yeye fundi aliyejiajiri hana hata zile siku 126 za ugonjwa ambazo sheria hiyo inampa mwajiriwa katika miezi 36.

Kuna na afya ya anayeuguza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999 uliwafuatilia kwa miaka 4 wazee wa miaka 66 hadi 96. Waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa asilimia 63 zaidi ya wasiouguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo kinachoua ni kuelemewa, na kuelemewa kunagawanyika.

MZEE JIRANI: Ndiyo nikasema mikono. Mama, wewe dada wa mgonjwa, una asubuhi. Watoto wako wakubwa, soko lako linafunguka saa tisa. Njoo mpaka saa nane, binti awe mkono wa pili wa kugeuza, uji umlishe wewe. Na huyu bwana mdogo achukue Jumamosi nzima na usiku wa Jumatano.

SHEMEJI: Mimi? Mzee, mimi mwanamume nimvue nguo kaka yangu, nimtawaze?

MZEE JIRANI: Akifa, nani atamwosha?

Shemeji hakujibu. Kila mtu chumbani alijua jibu, na alijua kwamba shemeji asingekubali kazi hiyo aifanye mtu mwingine.

DOKTA: Mwenye mwili hamjamwuliza bado.

Wakamgeukia. Mke akachutama mbele yake: "Baba, unataka niache kazi?" Akasema "haya". Wifi akatikisa kichwa kwa ushindi. Dokta akamwambia mke ageuze swali. "Unataka niendelee na kazi?" "Haya." Hapo hata wifi akacheka. Dokta akakaa upande wa kushoto, akauchukua mkono mzima akauweka gotini: kiganja juu ni ndiyo, chini ni hapana, tuanze upya. Aache kazi? Kiganja chini. Aendelee? Chini vilevile. Wakatazamana. Dokta akafikiri kidogo, akauliza: "Unataka tutoke humu, ulale?" Kiganja kikageuka juu mara moja. Uchovu baada ya kiharusi si uvivu, unamkuta hata aliyelala mchana kutwa, na sisi tulikuwa tumemkalia kichwani saa nzima tukibishana habari zake.

Wametoka barazani na mjadala haujaisha. Wifi bado anasema asubuhi ni nyingi mno, apewe tatu kwa wiki. Shemeji ameikubali Jumamosi na kuikataa Jumatano. Mimi upande wangu nimeshauchagua: mke asiache kazi. Asiache kwa sababu kazi ndiyo inayolipa bima, kwa sababu mume aliyepooza anahitaji mtu wa mazoezi aliyesomea na mke aliyebaki mke, na kwa sababu nyumba ikiona yupo mmoja wa kutwa, wengine wote hugeuka wageni wa kusalimia. Wabunge wanaoijua sheria ile ya ajira waongeze maneno mawili tu kwenye ruhusa ya siku 4, "mwenzi akiugua", na hata hapo siku 4 ni chache. Na wewe msomaji mwenye kaka, dada au shemeji aliyelala hivi, simu ya kuuliza anaendeleaje haimgeuzi mtu ubavu. Piga uulize zamu yako ni siku gani, kisha fika siku hiyo.